Maziwa Yaliyokaa kwenye Chupa ya Chai

Kila asubuhi, hata kabla hajanawa uso sawasawa, Chapuchapu alikuwa jikoni akimsaidia baba yake kujaza chupa za chai. Baba alikuwa na kibanda karibu na karakana za maseremala, na maseremala hao hawakuwa na subira na chai iliyopoa. Walimwita Bwana Moto, kwa sababu hata ukifika kwake jioni, kikombe chake kilikuwa bado kinaunguza ulimi.

"Kaza mfuniko, mwanangu, kaza kabisa," baba alizoea kusema. "Chupa yenye mfuniko uliolegea ni birika tu linalojidai."

Chapuchapu halikuwa jina lake la shuleni. Baba ndiye aliyempachika, maana binti huyo alikuwa na mkono mwepesi na miguu isiyojua kutulia. Alifagia chapuchapu, akaosha vyombo chapuchapu, na hesabu zake pia akazifanya chapuchapu, ingawa mwalimu wake hakulisifia hilo la mwisho.

Siku hizo shule zilikuwa zimefungwa, na nyumbani kulikuwa na mtu mpya. Mdogo wake wa kiume alikuwa amezaliwa kwa upasuaji, kabla ya siku zake kutimia. Alikuwa mdogo kiasi kwamba baba aliweza kumlaza juu ya mkono mmoja, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na bado nafasi ikabaki. Walipomruhusu kutoka hospitali, baba alimpa jina la Bwana Mdogo. Alisema mtu anayelala mchana kutwa na kuamka kwa ajili ya kutoa amri tu, huyo si mtoto, ni bosi.

Mama alikuwa bado anauguza mshono wake na hakuweza kusimama kwa muda mrefu. Maziwa yake nayo yalitoka kwa shida. Kwanza alimweka mtoto kifuani anyonye, kisha alikaa na kikombe kidogo akijikamua tone kwa tone, mgongo umejikunja, jasho likimtoka. Hakupoteza hata tone moja. Muuguzi wa kliniki, alipoona uzito wa mtoto haupandi, aliwaagiza wamwongezee maziwa ya kopo, yale ya unga yanayotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Akawafundisha wote wawili, mama na binti, namna ya kuyatayarisha.

"Maji yachemke," muuguzi alisema. "Yakiwa bado moto sana, ndipo mtie unga. Mkishatikisa, poozeni chupa ya kunyonyea kwenye bakuli la maji baridi, mpaka tone likidondoka mkononi lisiunguze. Tayarisheni ya mlo mmoja tu. Yakibaki, mwageni."

"Hata yakibaki kidogo?" Chapuchapu aliuliza.

"Hata yakibaki kijiko kimoja," muuguzi alijibu.

Mwanzoni Chapuchapu aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alijiona mkubwa. Alipenda kumtazama Bwana Mdogo akinyonya huku amekunja uso kama mzee anayesoma maandishi madogo, na alipenda vidole vyake vilivyoshika ncha ya nguo yake visitake kuiachia. Lakini Bwana Mdogo alikula mara nyingi, kidogo kidogo, na nje uani wasichana wenzake walikuwa wanashindana kuruka kamba. Zamu ya Chapuchapu ilipofika tu, sauti ya mama ilisikika dirishani: "Mwanangu, Bwana Mdogo ameamka!" Akirudi, alikuta zamu yake imeshachukuliwa na mwingine.

Ndipo alipopata akili yake ya haraka. Rafuni palikuwa na chupa ndogo ya chai ambayo baba hakuipeleka tena kibandani kwa sababu mshikio wake ulikuwa umevunjika. Chapuchapu aliwaza: chai ya baba hutiwa chupani alfajiri na kunywewa jioni, na hakuna seremala aliyewahi kulalamika. Kwa nini maziwa yasikae vivyo hivyo? Asubuhi moja akachanganya maziwa mengi ya kutosha hadi jioni, akayatia kwenye chupa ile, akakaza mfuniko kabisa. Na kwa kuwa maji ya moto sana yangemfanya asubiri yapoe, alitumia ya uvuguvugu. Ikawa kila mtoto akiamka, yeye anamimina tu.

"Umemaliza tayari?" Mama alishangaa chumbani. "Wewe mtoto una mikono ya ajabu!"

Chapuchapu alitabasamu. Kuna kitu kidogo kilimchoma moyoni, lakini uani walikuwa wanamwita. Siku ya kwanza hakikutokea kitu, wala ya pili, akaanza kujiona mwerevu kuliko hata muuguzi.

Baada ya siku chache, mchana, Bwana Mdogo alikataa kunyonya. Chapuchapu alimgusa mdomo kwa chuchu ya chupa, akageuza uso. Mama alimweka kifuani, mtoto akalegea tu, hanyonyi wala halii. Mama akamgusa kifua, akakikuta kinawaka. Akamgusa miguu, ilikuwa baridi.

"Mkimbilie baba yako," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimwogopesha Chapuchapu kuliko kama angepiga kelele. "Mwambie afunge kibanda aje sasa hivi, na teksi."

Hospitalini waliwapeleka moja kwa moja kwenye wodi ya watoto wachanga. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Alimpapasa Bwana Mdogo utosini kwa vidole viwili, akamsikiliza kifua, akamwinua mkono na kuuona unavyodondoka. Akaagiza dripu. Akaeleza kwamba wangemtoa damu kidogo, na maji kidogo ya mgongoni pia, ili maabara itafute ugonjwa. Chapuchapu alisimama mlangoni akiona muuguzi akitafuta mshipa kwenye mkono ule mdogo. Alitamani mkono huo ungekuwa wake.

"Nadhani ni bakteria walioingia kwenye damu," daktari aliwaambia wazazi. "Ni bakteria gani, bado sijui. Maabara itachukua siku kadhaa, na mtoto huyu hawezi kusubiri, kwa hiyo tumeshaanza dawa. Lakini nisaidieni. Kitovu kilikuwa na usaha? Kuna mtu mgonjwa nyumbani? Anakula nini?"

"Ananyonya kwangu," mama alijibu, "na tunamwongezea ya kopo."

"Mnayatayarisha vipi? Yanakaa muda gani kabla hajanywa?"

"Hayakai, daktari. Kila mara yanachanganywa upya, kama tulivyofundishwa. Binti yangu huyu ndiye anayefanya. Ni mtu wa kutegemewa kabisa."

Daktari alimgeukia Chapuchapu. "Ndivyo, mwanangu?"

Chapuchapu aliinua macho. Aliona uso wa mama ulivyokuwa na fahari katikati ya hofu yote ile. Aliona baba alivyoweka mkono begani pake.

"Ndiyo, daktari," alisema.

Waliporudi nyumbani yeye na baba, Chapuchapu aliifuata ile chupa ndogo. Ndani yalikuwa yamebaki maziwa ya asubuhi ile. Alitaka kuyamwaga, lakini baba akaingia jikoni kutafuta kikombe, naye akaisukuma chupa haraka nyuma ya ndoo ya maji. Baba hakuona kitu. Alikaa kwenye kigoda na kikombe mkononi, na chai ikapoa bila kunywewa. Chapuchapu hakuwahi kumwona Bwana Moto akiacha chai ipoe. Akajiambia mtoto atapona tu, na jambo lenyewe litakwisha bila mtu kujua.

Kesho yake walipofika wodini, Bwana Mdogo alikuwa hajapata nafuu. Asubuhi hiyo alikuwa amepata degedege, mwili ukakakamaa, kisha ukalegea. Baba aliingia kuzungumza na muuguzi. Chapuchapu akaenda kumtafuta mama, akamkuta kwenye sinki la mwisho wa ukumbi. Amesimama huku mkono mmoja umeshika tumbo palipo na mshono, na mkono mwingine umeshika kile kikombe chake kidogo. Alikuwa amejikamua. Kikombe kilikuwa kimefika nusu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mama akakiinamisha, maziwa yakaanza kutiririka kwenye sinki.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nayamwaga," mama alisema bila kugeuka. "Jirani aliniambia mapema kwamba mwanamke aliyepasuliwa maziwa yake huharibika, nami nikamcheka. Sasa tazama. Mtoto hajala kitu kingine kibaya. Ni mimi, mwanangu. Ni mimi niliyemnywesha ugonjwa." Akazidi kukiinamisha kikombe. "Sitamnyonyesha tena."

Chapuchapu alijua jinsi kila tone lilivyomgharimu mama. Alikuwa amemwona akiuma meno, akifuta jasho, akikagua ukingo wa kikombe kuona kama limebaki tone. Hofu yake ya kugombezwa haikuondoka, ila mguu wake ulikwenda wenyewe. Akaushika mkono wa mama wenye kikombe, akauinua.

"Usimwage, Mama. Si maziwa yako. Ni mimi."

Akasema yote. Alisema juu ya kamba, chupa ya chai, maji ya uvuguvugu na maziwa ya tangu asubuhi. Alisema na ule uongo wa jana mbele ya daktari. Alipomaliza alikuwa analia kwa kwikwi hata maneno ya mwisho hayakueleweka vizuri.

Mama akageuka. Alimtazama binti yake kwa muda ambao Chapuchapu aliuona mrefu mno. Kisha akaweka kikombe pembeni ya sinki kwa uangalifu, maziwa yaliyobaki yasimwagike, akamshika mkono.

"Twende kwa daktari," alisema. "Utamwambia kama ulivyoniambia mimi, usipunguze kitu."

Daktari alivaa miwani yake, akasikiliza hadi mwisho. Hakukemea. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine: maji yalikuwa na joto kiasi gani, maziwa yalikaa tangu saa ngapi, kopo lilifunguliwa lini, na je, chupa hiyo bado ipo?

"Ipo," Chapuchapu alisema kwa sauti ya chini. "Niliificha nyuma ya ndoo. Maziwa mengine bado yamo."

"Vizuri sana," daktari alisema, na Chapuchapu akashangaa kusikia neno hilo siku kama ile. "Baba, tafadhali vilete hapa chupa na kopo lenyewe. Msivioshe. Na unga huo usitumike tena."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Siku nzima, Chapuchapu! Siku nzima nimekaa na wewe, umenyamaza!" Sauti yake ilipanda mpaka muuguzi akachungulia.

"Baba watoto," mama alisema, "amesema. Nenda kalete chupa."

Baba akageuka, akaenda. Miguu yake ilisikika ukumbini ikikimbia.

Daktari alipiga simu maabara, kisha akaongeza dawa nyingine kwenye dripu. Ndipo akamvutia Chapuchapu kiti.

"Maziwa ya unga hukaushwa na kufungwa kwa uangalifu," alimweleza, "lakini hilo haliui kila kijidudu. Mara chache sana, bakteria wa namna fulani huwamo, wamekaukia humo pamoja na unga, wametulia. Maji ya moto sana huwaua. Maji ya uvuguvugu huwaamsha. Ukiwatia kwenye chupa inayotunza joto, umewapa nyumba wanayoipenda. Wanazaana siku nzima."

"Lakini mimi nililamba kijiko, daktari. Mbona sikuumwa?"

"Wewe ni mkubwa, mwili wako unajua kupigana. Mdogo wako alizaliwa kabla ya siku zake. Kwa mtoto wa namna hiyo bakteria huweza kutoka tumboni wakaingia kwenye damu, wakafika hadi kwenye utando wa ubongo. Ni ugonjwa wa nadra, hata mimi nimeuona mara chache. Ndiyo maana nilikuuliza. Kwa ugonjwa wa nadra, daktari asipoambiwa, anatafuta kama mtu aliyefungwa macho."

"Kwa hiyo si maziwa yangu?" mama aliuliza.

"Maziwa yako, mama, ndiyo chakula bora kuliko vyote alivyo navyo mtoto huyu. Mshono hauyaharibu. Tutampa hayo hayo, kwa mpira mwembamba wa kupitisha puani, mpaka apate nguvu za kunyonya. Naomba usimwage tena hata tone."

Mama alifunika uso kwa viganja, akalia. Kisha akatoka kwenda kukichukua kile kikombe.

Baba alirudi akihema, chupa na kopo vimefungwa kwenye mfuko. Baada ya kuvikabidhi, alikaa karibu na binti yake kwenye benchi.

"Nilifikiri kama chai inakaa..." Chapuchapu alianza.

"Chai tunaichemsha mpaka inatokota, mwanangu. Na wanaoinywa ni maseremala, wenye matumbo ya kusaga misumari." Alijaribu kucheka, akashindwa, machozi yakamlengalenga. "Nilikufundisha kuiamini chupa. Sikukufundisha kwamba kuna vitu havifai kuwekwa humo. Hapo nina lawama na mimi. Lakini lile la kunyamaza, hilo ni lako peke yako. Unanielewa?"

"Ndiyo, Baba."

"Haya. Sogea huku." Akamkumbatia, na koti lake likanukia moshi na majani ya chai.

Siku zilizofuata zilikwenda polepole. Maabara ilithibitisha kwamba bakteria waliopatikana kwenye mwili wa mtoto na waliokuwa kwenye maziwa ya ile chupa ni wale wale, na kwamba dawa iliyoongezwa ilikuwa ndiyo hasa iliyohitajika. Homa ikashuka, ikarudi, ikashuka tena. Asubuhi moja Chapuchapu alipoingiza kidole chake kwenye kiganja cha mdogo wake, vidole vile vikafumba, dhaifu, lakini vikafumba. Alikimbia ukumbi mzima akiita, "Ameshika! Mama, amenishika!" Muuguzi akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha huku yeye mwenyewe akicheka.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimtazama Chapuchapu machoni. "Mdogo wako ataendelea kuja kwangu, nimpime masikio kama ugonjwa haukuyadhuru, na nione anavyokua. Sina uhakika wa kila kitu. Lakini nakwambia hili ulikumbuke: kutojua kulimfanya augue, na uongo wako ulitunyima siku nzima. Kisha ukasema kweli, ingawa ulikuwa unaogopa, nasi tukajua tunachopigana nacho. Siku nyingine useme mapema, hata kama miguu inatetemeka."

"Nitasema, daktari."

Nyumbani, Chapuchapu alianza kuyakwepa mambo ya mtoto. Alifagia, alichota maji, alikwenda kibandani, lakini kopo jipya la maziwa hakuligusa. Mama aliliona hilo. Maziwa yake yalikuwa yameongezeka, ila hayakutosha bado. Jioni moja Bwana Mdogo aliamka na kuanza kudai haki yake.

"Mwanangu," mama aliita, "mtayarishie mdogo wako maziwa."

Chapuchapu alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Mimi, Mama?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Nikikosea je?"

Mama alimhamisha mtoto bega jingine, akampapasa mgongo. "Utakosea, kila mtu hukosea. Mimi nilitaka kumnyima mtoto maziwa yangu kwa maneno ya jirani. Ukikosea, niambie papo hapo, hata kama nimelala, hata kama nimekasirika, tulirekebishe pamoja. Sihitaji binti mwenye mikono isiyokosea. Nahitaji binti atakayeniambia."

Chapuchapu alikwenda jikoni. Alinawa mikono, akachemsha maji, akayamimina kwenye chupa ya kunyonyea yakiwa bado yanatoa mvuke. Akafungua kopo, akaanza kutia unga kwa kijiko chake, akisawazisha kila kijiko kwa mgongo wa kisu. Chumbani Bwana Mdogo alikuwa anapiga kelele za kutosha nyumba tatu. Chapuchapu akageuka kumsikiliza, na aliporudisha macho kwenye chupa, mkono wake ukasita hewani.

Kama angeongeza kijiko kimoja na kutikisa, hakuna ambaye angejua.

"Mama!" aliita kwa sauti kubwa. "Nimesahau nimetia vijiko vingapi!"

"Basi mwaga, uanze upya!" mama alijibu. "Huyu bwana atasubiri."

Chapuchapu akamwaga, akaosha chupa, akabandika maji mengine. Mtoto aliendelea kulia kwa nguvu, kilio kipana cha mtu mzima wa afya, na hakuna aliyemharakisha.